Flashi ya Mzee Oyaro

Kamera mpya humfanya mtu atembee kifua mbele, na Kepher Ogada alikuwa na kamera mpya. Ilikuwa ya aina hizi za kisasa zisizo na kioo ndani, nyepesi mkononi, inayomwonyesha mpiga picha jinsi picha itakavyotoka hata kabla hajabonyeza. Kitu alichokosa kilikuwa flashi.

Aliyemfaa ni Mzee Oyaro, Mkisii mwenye kibanda cha picha za pasipoti sokoni Boito. Ndiye aliyemfundisha Kepher kushika kamera miaka kumi na miwili iliyopita. Mzee alimtolea flashi yake ya zamani, nzito kama tofali, ikiwa bado imeviringishwa katika kitambaa cha flana. Kabla ya kumkabidhi aliitia betri, akaigusa chini kwa tester ya fundi wa stima, akasoma namba.

"Volti tano. Hiyo ni sawa," akasema. "Kuna zingine za kitambo ziko na volti mia mbili na zaidi. Ukiweka moja juu ya kamera kama hii yako, unaichoma. Lakini sikiza, Kepher. Flashi ya siku hizi inaongea na kamera, inaiambia shata, hicho kipazia kinafunguka ndani, isikimbie sana. Hii yangu haijui kuongea. Kamera haitajua hata kama iko hapo juu. Kwa hivyo spidi ya shata utaipunguza wewe mwenyewe. Usipite mia mbili."

"Sawa, Mwalimu," Kepher akajibu, macho yake yakiwa kwenye simu.

Jumamosi hiyo Kepher alikuwa apige picha kwenye sherehe ya kumuaga Amolo, aliyestaafu baada ya miaka ishirini na tisa kwenye mitambo ya kukausha chai kiwandani. Ndugu walikuja kutoka kila upande. Hata mama yake Amolo, bibi ambaye wote walimwita kwa Kijaluo Dani, yaani nyanya, Dani Quinter, mwenye miaka themanini na sita, aliletwa kutoka Nyakach. Hakuwahi kuiona nchi ya chai maisha yake yote, na kwa jinsi magoti yake yalivyokuwa, kila mtu alijua hataiona tena.

Asubuhi jua lilikuwa kali. Kepher aliwapiga picha wachezaji pale uwanjani, shata akiwa ameiweka mia nne ili miguu yao isitoke na ukungu. Saa nane mvua ikaja na mawe yake, watu wakakimbilia ukumbi wa kanisa, na stima zikapotea. Kepher akaivalisha kamera ile flashi. Watu wazima wakasimama nyuma, wazee wakakaa kwenye viti mbele, Dani Quinter katikati na kitambaa chake cheupe kichwani. Kila mwanga ulipowaka watoto walishangilia. Kepher akakuza uso wa Amolo kwenye skrini, akaona macho yametoka safi kabisa. Akaridhika. Hakuitazama picha nzima.

Jumanne akazipeleka. Molly, binti ya Amolo, akazifungua kwenye laptop mezani. Zile za uwanjani zilimfurahisha. Alipofika zile za ukumbini akaisogelea skrini.

"Kepher," akasema, "Dani yuko wapi?"

Waliosimama walikuwa wanang'aa. Kuanzia vifuani mwao kwenda chini picha ilikuwa nyeusi, kana kwamba mtu ameifunika kwa blanketi. Akafungua nyingine, nyeusi. Nyingine, vivyo hivyo. Mstari wote wa wazee haukuwepo.

Damu ilimpanda Kepher usoni, na maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Ni hiyo flashi. Mzee Oyaro alinipatia flashi mbovu, na akaniambia ni nzima."

Wakati ule nusu yake iliamini hivyo. Lakini Alhamisi, peke yake nyumbani, aliielekeza kamera ukutani. Shata ikiwa mia nne, nusu ya ukuta ikawa nyeusi. Akaishusha hadi mia mbili, na ukuta ukatoka mweupe wote, pembe hadi pembe. Alirudia mara kumi, akitamani walau mara moja flashi ikosee. Haikukosea. Akaketi kitandani akiwa ameipakata, huku maneno ya mzee yakimrudia moja moja. Hakumpigia mtu yeyote simu. Ijumaa ikapita, Jumamosi ikapita.

Jumapili baada ya ibada, nje ya kanisa, Molly alimwendea Mzee Oyaro, simu mkononi ikiwa na zile picha. Kepher alikuwa hatua tatu kando.

"Mzee, ulimpatia Kepher kitu mbovu. Ona vile ulitufanyia."

Mzee Oyaro alivaa miwani, akatazama kwa muda. Kisha akavua kofia.

"Poleni sana, binti yangu. Mwambie baba pole. Vitu vyangu vimezeeka, sikufaa kumpatia."

"Na wewe pia upumzike sasa," Molly akasema, bila ukali. "Kamera za siku hizi zimekupita." Waliokuwa karibu wakacheka kidogo. Kepher alikuwa anaangalia viatu vyake. 

Jumatatu asubuhi alikwenda sokoni. Mzee alikuwa ndani ya kibanda chake, anakunja lile pazia jeupe ambalo watu wa pasipoti hukaa mbele yake. Hakumwalika kuketi.

"Mwalimu, flashi ni nzima. Ni mimi. Nilisahau shata kwa mia nne."

"Najua."

"Ulijua?"

"Molly alinionyesha picha. Ule weusi ulikuwa na mpaka umenyooka. Flashi ikiharibika, inakataa kuwaka ama inawaka kidogo. Haichori mpaka. Huo ni mpaka wa shata, ilikuwa imeanza kufunga flashi ikiwaka."

"Na mbona hukusema?"

Mzee aliliweka pazia chini. "Ulikuwa umesimama pale, Kepher. Nilikuwa nangoja wewe."

Kepher alitamani kutukanwa. Tusi lingekuwa jepesi kulibeba.

"Mimi umeniambia kitu nilikuwa najua," mzee akaendelea. "Wao ndio hawajui."

Jioni Kepher akawa mbele ya Amolo na Molly. Alieleza habari ya shata na spidi, maneno mengi ya kiufundi, mpaka Amolo akainua mkono.

"Kwa hivyo mzee wa watu alivua kofia kwa kosa yako, na wewe unaangalia?"

"Ndiyo."

Molly aliinuka, akatoka nje na simu. Walimsikia akisema, "Mzee Oyaro, ni Molly. Nimekukosea." Amolo akasema Jumamosi wataenda Nyakach, na Kepher aje na kamera, na mzee aombwe kuja pia.

Kule Nyakach, Dani Quinter alikuwa amekalishwa uani, katika kivuli cha nyumba. Aliuliza kwa Kijaluo kwa nini anapigwa picha tena. Wote wakamgeukia Kepher. Katika lugha yake ya mama Kepher hakuwa na shata wala spidi wala volti za kujifichia nyuma yake.

"Dani, an ema ne aketho," akasema. Mimi ndiye niliyeharibu. Kisha akaeleza yaliyobaki, mpaka ile Jumapili.

Bibi alimsikiliza hadi mwisho. "Na huyo aliyebeba lawama yako," akauliza, "ndiye yule amesimama kando ya mlango?"

"Ndiye, Dani."

Akaagiza kiti kiletwe. Mzee Oyaro alikataa, akasema hii ni picha ya familia, lakini bibi alikipigapiga kile kiti kwa kiganja mpaka mzee akaja kuketi kando yake, mbele kabisa.

Kepher akaivalisha kamera flashi ili kuondoa kile kivuli cha nyumba. Akaangalia namba ya shata, akaiangalia tena. Mzee Oyaro alikuwa ameitazama lenzi moja kwa moja, bila kutabasamu na bila hasira, na Kepher akashukuru kwamba uso wake mwenyewe ulikuwa nyuma ya kamera. Akabonyeza.