Gesi Mpya ya Gari la Mzee Primus

Zita alipanda Kirua Vunjo kwa miguu, jani la isale la kuombea msamaha mkononi, ingawa bodaboda walimwita njia nzima. Mwenye kosa hafiki kwa mbwembwe.

Kosa lenyewe lilijulikana kijiji kizima. Mwaka jana, kwa pupa ya ufundi mpya, aliitia AC ya gari kuukuu la baba yake gesi ya kisasa, kwa kuwa ile ya zamani haipatikani tena. Mafuta ya zamani ya kulainisha kompresa akayaacha humo humo, naye alijua fika hayapatani na gesi hiyo. Kompresa ikakauka ikakwama, mkanda ukakatika, na mzee Primus akakwama njiani na mbuzi mzima wa kuchomwa, ndafu ya harusi ya mpwa wake. Mbuzi yule aliingia ukumbini viti vikikusanywa. Tangu siku hiyo mzee hakuitikia shikamoo ya binti yake, na hilo lilimuuma Zita kuliko kichapo.

"Shikamoo, baba." Akanyoosha jani kwa mikono miwili.

Mzee aliliangalia. Isale haikataliwi, hata na mtu mwenye kichwa kigumu kama yeye.

"Marahaba," akasema polepole. "Msamaha nimetoa. Gari sijatoa."

"Nipe siku mbili, baba. Safari hii siruki hatua."

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo."

"Mwaka jana nilijigamba tu."

Mzee akacheka bila kupenda, akampa ufunguo.

Zita alisafisha mabomba mpaka tone la mwisho la mafuta ya zamani likatoka. Akabadilisha mipira yote ya kuzibia viungio na chujio la unyevu, akafunga kompresa nyingine yenye mafuta yanayoelewana na gesi mpya. Akavuta hewa yote nje, ndipo akajaza gesi kwa mizani, pungufu kidogo ya kipimo cha awali, kama gesi mpya inavyotaka.

Jumapili baada ya misa waliteremka tambarare, vidole vya mzee mbele ya tundu la hewa. Karibu na Himo akamwona rafiki yake, mzee Tito, akitembea juani.

"Ingia, Tito. Funga na kioo."

Tito alikaa, akashusha pumzi ndefu. "Eh, Primus. Hii baridi ya Kirua umeitoa wapi? Nani fundi wako?"

Mzee alifunga vifungo vya koti kwanza.

"Huyu hapa anayeendesha. Mwanangu."

Furaha ilimjaa Zita hadi akaipita njia ya kwa mzee Tito. Wazee wote wawili waliiona ikipita, wakazidi kuegemea viti vyao na kufaidi ubaridi.