Ukuta Mweupe wa Madobi

Haya, wewe uliyekunja miguu hapo, tegua hili: mgeni kaingia bila hodi, kavuruga kabati, kalala kwenye kila kitanda, kaenda zake bila kuaga, ila ukutani kaacha mstari watu waujue urefu wake. Nani huyo? Usijikune kichwa bure. Ni mafuriko.

Mtaa mzima wa bondeni ulikuwa na mstari huo. Kwa fundi viatu, kwa muuza mbao, kwa kinyozi: tope kavu la rangi ya chai ya maziwa, limenyooka ukutani kama limepigwa rula. Serikali ilikuwa imepitisha kipaza sauti, kwamba wenye biashara ndogo watasaidiwa vifaa, ila mtu asisafishe ukuta mpaka afisa wa tathmini apite. Wote wakatii. Wote, isipokuwa madobi wawili wa kibanda cha chini kabisa bondeni, dada na mdogo wake, ambao ukuta wao uling'aa kama jino la mtoto.

"Mama, hapa maji yaliingia kweli?" aliuliza afisa, amesimama mlangoni na mabuti yake ya mpira.

"Yaliingia, mwanangu," alijibu dada mtu, ambaye wateja walimwita Bi Povu.

"Alama yake iko wapi?"

"Nimeiosha."

Kinyozi, aliyekuwa anachungulia dirishani, alicheka mpaka akashika tumbo. "Ndiye dobi huyo! Mpe ushahidi, anautia sabuni!"

Mdogo mtu hakucheka. Mashine yao ya kufulia ilikuwa imejaa mchanga mpaka kooni. Wasipopata nyingine, nyumba ya wageni waliyokuwa wakiifulia ingepeleka mashuka yake kwingine, na hapo ndipo kazi ingeishia. Halafu kulikuwa na jambo lililomwasha rohoni. Tangazo dada yake alilisikia kwa masikio yake mawili. Mbona asubuhi yake alidamka na brashi, akausugua ukuta kabla hata ya kuokoa pasi? Alishamuuliza. Mara ya kwanza akaambiwa, "Shika ndoo." Mara ya pili, "Una maswali kama hakimu."

"Tangazo hukulisikia, mama?" afisa aliuliza.

"Nililisikia."

"Sasa ulisugua kwa nini?"

Bi Povu akachukua taulo lililokwisha kukunjwa, akaanza kulikunja upya.

Afisa hakuwa mtu wa kukata tamaa mapema. Aliinama chini ya meza, akapapasa nyuma ya mlango. "Mashine naiona, lakini bila kimo cha maji siwezi kuandika kitu," alisema. Macho yake yakatua kwenye kabati refu lililopigiliwa misumari ukutani. "Nyuma ya hili mliosha?"

"Hilo zito, mwanangu. Achana nalo."

Mdogo mtu akamkodolea macho dada yake. Yaani waikose mashine kwa sababu ya uzito wa kabati?

"Dada, mikono tunayo."

"Nimesema liacheni!"

"Na tutakula nini?"

Afisa akavua koti, kinyozi akazunguka na kuingia, mdogo mtu akashika pembeni. Misumari ikalia, kabati likabanduka.

Mstari ulikuwepo.

Mdogo mtu alisogea autazame vizuri. Ikabidi ainue uso. Akaweka mkono utosini, kisha akaupandisha mpaka kwenye tope: kiganja kizima juu ya kichwa chake. Na hapo aliposimama, kando ya kabati, ndipo alipokuwa akitandika gunia na kujilaza kila mchana wateja wakipungua. Siku ya maji dada yake alimtuma apeleke mashuka, naye akaenda amenuna, akilalamika kuwa hata usingizi ananyimwa.

Afisa alivuta futi yake, akapima, akaandika. "Imetosha. Mashine mtapata," alisema kwa sauti ya chini, akatoka. Kinyozi akamfuata, safari hii bila utani wowote.

Wakabaki wawili.

"Dada," mdogo mtu alisema, bado ameukazia macho ule mstari, "kwa nini uliosha?"

Bi Povu aliliweka taulo mezani.

"Kila nilipoutazama," alisema, "nilikuona uko chini yake."