Loth Asiguswe

Kwenye mlima wetu, juu ya Gonja, hakuna mtu anayempita mwenye baiskeli bila kumsukuma. Tumekua hivyo. Ukimkuta mtu anapanda na gunia la tangawizi, unaweka mkono mgongoni mwake, mnakwenda mpaka kona ya msalaba, hapo mwingine anampokea. Mwanangu Loth alijifunzia baiskeli mlimani hapo, akibeba tangawizi yangu baada ya Bwana kumtwaa baba yake. Mikono ya wanawake wa usharika wetu anaijua mmoja mmoja.

Kwa hiyo mashindano ya baiskeli, yale ya siku nyingi mfululizo, yalipokaribia kumalizikia uwanja wa kanisa letu, Loth alinipigia simu kutoka Same mjini. Alikuwa amevaa jezi ya njano, ile ya mwenye muda mzuri kuliko wote tangu siku ya kwanza. Alimzidi kijana mmoja wa Tanga, Yunus, kwa sekunde chache tu. Timu moja ya Arusha ilikuwa imeahidi kumwajiri atakayemaliza na jezi hiyo.

"Mama, nawajua watu wetu," alisema. "Waambie wasiniguse. Mtu akinisukuma, waamuzi watanivua jezi."

Jumapili, baada ya mzee wa kanisa kutangaza ndoa, nikasimama nikaeleza. Pembe ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja, ilipopigwa, tukashuka wote kufukia mashimo ya barabara, na huko nako nikarudia. Hedwiga, anayeongoza kwaya, mwanamke mwenye mikono ya kupasua kuni, alinuna. Akauliza ni mchezo gani huo wa kumwangalia mtoto wa mwenzio anateseka na wewe umekunja mikono. Nikamwambia ni mchezo wa Loth, na Loth asiguswe. Akakubali, ila shingo upande.

Hata kuomba kulinipa shida. Nilianza kumwomba Mungu hao wengine wapate pancha, nikaona haya katikati ya sala. Nikaomba wote wafike salama, na Loth afike salama mbele yao kidogo.

Siku yenyewe wanawake walikuwa mashambani wakichimba tangawizi, mpaka taa za magari ya polisi zilipoonekana kule chini Maore. Wakatoka mbio na udongo mwekundu mikononi, wakajipanga karibu na kona ya msalaba. Mimi nikasimama hapo konani, kwa sababu ndipo panapoonekana barabara yote.

Kwenye daraja la chini, ambako waamuzi walikuwa wameweka mtu wa kupima muda, walipita kundi moja, Loth na Yunus bega kwa bega. Mlima ulipoanza Loth akachomoka. Alipofika kwetu, wanawake walifanya kama nilivyowaambia. Walirudi nyuma mpaka mtaroni, mikono wameificha ndani ya khanga, na Hedwiga alifumba macho kabisa asije akashindwa kujizuia. Loth akapita peke yake, jasho linamchuruzika puani. Nikashukuru.

Nyuma yake akaja Yunus, kinywa wazi.

Hapo ndipo nilipoona tulikokosea. Nilikuwa nimetangaza habari za Loth tu. Hedwiga alifumbua macho, akamwona mgeni anateseka mlimani kwetu, na mkono ukatoka kwenye khanga.

"Mama, niache," Yunus alisema. "Naomba uniache."

"Tulia, baba," Hedwiga akamjibu huku anamsukuma. "Hata wewe una mama yako huko Tanga."

Waliofuata nao wakapokelewa. Mzungu mmoja mrefu alipata wanawake watatu, wanabishana nani amshike wapi. Nikawapungia mikono waache, wao wakadhani nawahimiza, wakaongeza na wimbo. Yunus akampita Loth, wengine wakampita. Loth akageuka kunitazama mara moja, kama mtoto aliyerukwa wakati wa kugawa nyama.

Uwanjani, mwamuzi mkuu, dada mmoja anayeitwa Devotha, alishuka kwenye pikipiki akawaambia wote wageuke. Kila mgongo ulikuwa na viganja vyekundu. Ni jezi ya njano tu iliyokuwa safi. Devotha akasema sheria inajulikana, waliosukumwa wote watatolewa.

Hedwiga alikaa kwenye nyasi akajifunika uso. Jezi sasa ilikuwa ya mwanangu, na mimi nilitakiwa kufunga mdomo tu. Nikamwangalia Yunus. Alikuwa ameinamia baiskeli yake, na hakujitetea hata kidogo.

Nikasogea mbele. Devotha akanipa shikamoo, nikaitikia.

"Mwanangu, hawa hawakuomba kusukumwa," nilimwambia. "Huyu wa Tanga nimemsikia kwa masikio yangu akiomba aachwe. Kosa ni letu sisi wenyeji. Kama ni kutoa mtu, ututoe mimi na Hedwiga."

Loth alinitazama, halafu akatikisa kichwa kukubali. Devotha alibana midomo asicheke, akaenda kuzungumza na wenzake. Aliporudi akasema mlima haumo tena, muda wa wote umeishia darajani. Na darajani Loth na Yunus walipita pamoja, kwa hiyo zile sekunde chache za Loth zilibaki zake. Jezi ikabaki mgongoni mwake, na mtu wa ile timu ya Arusha akamshika mkono mbele ya watu wote.

Yunus naye akaja kumpa mkono. "Umeshinda, kaka," alisema. "Ila yule mama aliyenisukuma namchukua Tanga."

Jioni tulikuwa tunapanda njia ya nyumbani, Loth anakokota baiskeli.

"Mama, leo nimepanda mlima huu bila mkono wa mtu," akasema. "Sikupenda."

Nikatazama nyuma. Hapakuwa na pikipiki wala polisi. Alikuwepo Hedwiga tu, jembe begani, hajanawa. Nikampa ishara ya kichwa. Aliliweka jembe chini, akaja, akabandika viganja vyake viwili katikati ya jezi ya njano.