Namba Tisa Anapita Juu

Saa mbili kasoro kumi asubuhi, karani wa ofisi ya nyumba alifungua lile dirisha jeusi la kompyuta, akaandika amri ya kupanga orodha ya waombaji, na waombaji wenyewe wakajipanga barabarani. Ndivyo ilivyokuwa siku zote: ukipangwa, unaruka kutoka ulipo, unatua kwenye nafasi yako. Kinyozi, namba 212, alitua pamoja na mteja wake, kichwa kimenyolewa nusu.

Siku hiyo funguo hamsini za nyumba zilikuwa zigawiwe. Shangazi yake karani, namba tisa, mwenye miaka kumi na tisa ya kusubiri na chumba kinachovuja, alitua kule mkiani kama kawaida yake, nyuma ya 10, nyuma ya 100, nyuma hata ya 8,999 aliyejiandikisha juzi. Watu walimwambia mvumilivu hula mbivu. Mbivu zipi jamani, na foleni yenyewe imepinda kona tatu!

Karani akaitazama orodha vizuri. Kumbe mashine ilikuwa inasoma namba kama maneno, ikianza kulinganisha na tarakimu ya mwanzo, kwa hiyo yeyote aliyeanza na moja mpaka nane alimpita tisa. Akaongeza herufi moja kwenye amri, ile ya kuiambia mashine kwamba hizi ni namba, akabonyeza enta.

Raha iliyoje! Watu elfu tisa kasoro mmoja waliinuka, wakapishana juu ya mapaa wakijuliana hali na kuokoteana kofia. Namba tatu na namba saba, waliofariki wakisubiri, walikuja na sanda zao, wakaomba radhi kwa kuchelewa. Shangazi akatua kwenye dirisha la ofisi, wa tisa, akacheka mpaka akashika mbavu.

Saa tatu akaingia mkuu wa ofisi. Habari ya kuruka hakuiuliza. Aliuliza nani kagusa orodha.

"Imeshapigwa muhuri," alisema. "Toa hiyo herufi."

Karani akaitoa, machozi yakimlengalenga. Shangazi akarudi nyuma kwa njia ile ile ya juu, na 10, 100 na 1,000 wakapewa funguo.

Tangu hapo, kila asubuhi karani huiweka ile herufi kwa saa moja, kabla mkuu hajafika. Shangazi huja, hunywa chai dirishani, kisha hurudishwa. Jana alimwambia karani asisikitike.

"Nyumba yangu naiona kila siku nikipita," alisema. "Namba kumi kaipaka bluu. Imependeza."