Upande wa Pili wa Kaseti

...na bado ni shii tu, shii kama ya mchele unaopepetwa chumba cha pili, labda mbele kidogo, labda mzee alichelewa kuanza, wazee hawaanzi kusema mpaka wakohoe, mpaka wakae sawa, mpaka waletewe maji, basi asubiri, asiutoe waya sikioni, kwa sababu akiutoa tu Masunga pale kwenye benchi atajua, amemkazia macho mdomoni tangu alipobonyeza, kama vile maneno ya marehemu yatatokea kinywani mwa Sakina na si kwenye mashine ya kunasia sauti, "Ipo, dada?" na hii ni mara ya pili anauliza, Sakina akainua kidole, maana yake ngoja, akakirudisha juu ya kaunta, na huko nje utingo wa basi anaita Iringa, Mafinga, Iringa, basi hilo hilo wanalolisubiri, na Nyamizi mke wa Masunga amesimama mlangoni na kitenge alichofungia mashine, amekikunja vizuri, anakishika kwa mikono miwili, watu wa heshima hawa, laiti wangekuwa wakorofi ingekuwa rahisi kuwaambia... kuwaambia nini, hajawaambia kitu, shii, kaseti inazunguka, labda mbele kidogo. Uongo. Sakina alikwisha kujua kabla hata ya kubonyeza, alijua pale kitenge kilipofunguliwa na harufu ya mafuta ya taa ikampiga puani, akaona waya wa maiki umechomekwa kwenye tundu lisilo lake, maana mashine hizi zina matundu mawili ubavuni yanayofanana kama mapacha, moja la kuingizia sauti na moja la kuitolea, na ukichomeka maiki penye kutolea, utepe utazunguka vizuri, taa itawaka vizuri, mtu atasema mpaka akauke koo, na hakuna kitakachoingia, hata chafya, na ndiyo sababu yeye siku Masunga anainunua aliweka doa jekundu kwenye tundu la kuingizia, kwa rangi ya mafuta ambayo baba yake alipakia mlango, akalitia kwa njiti ya kiberiti, akasema maiki ni hapa penye doa, hata usiku wa giza washa kibatari uone doa, sasa doa liko wapi, plastiki inang'aa kama kikombe cha harusi, "Niliisafisha," Nyamizi alisema walipoingia, akiwa ameinamisha macho, "baba mkwe alikuwa anaweka mdomo pale, nisingeweza kumpa kitu kina vumbi la njiani," akaisugua kwa mafuta ya taa na kitambaa, kila pembe, kwa adabu ya mkamwana, na adabu ikaondoka na doa. Nani wa kulaumiwa hapo, umlaumu mwanamke kwa kumheshimu mkwe wake?

Na Masunga hakuja hata kulalamika, amesema tu wamebonyeza nyumbani haisemi, labda betri, ah, betri, kila anayerudi dukani kwa Gulam, baba yake Sakina, husema labda betri, hata yule mwalimu ambaye mashine ilimmezea utepe akauvuta nje kama utumbo wa kuku, hata wanakwaya wa Mafinga waliojinasa karibu na kiwanda cha mbao, msumeno ukaimba beti zote wao wakaitikia, Sakina alicheka siku ile mpaka akakaa chini, kisha akawafundisha upya, maana kazi hiyo ni yake, tangu jengo lao la mjini lichukuliwe wakahamia kwenye chumba hiki cha kupanga Mwanjelwa, na kaka yake akaenda Uingereza, baba anauza na yeye anafundisha, hapa unabonyeza viwili kwa pamoja, chekundu na cha pembeni yake, maiki usiimeze, usiipulize, iweke mbali kiganja kimoja, anajua kufundisha, watu wanamsifu, na anapenda kusifiwa, na hapendi kukatishwa... shii. "Sakina, vipi huko?" sauti ya baba yake kutoka nyuma ya pazia, anafungua makasha ya sabuni. Angekuwa mteja mwingine angesema pole kaka, haikuingia, rudi kanase tena, lakini huyu akanase nini tena, Mzee Nkuba, baba yake, amezikwa Alhamisi kule Usangu, ng'ombe wake wakilia zizini kwa kukosa sauti yake, Masunga ndivyo alivyosimulia, na kwamba mzee alisema vizuri sana, dada, kwa sauti, akiwa ameshika maiki kwa mikono yote miwili, alimwita binti yake Mbuke kwa jina, akasema nilichokufunga nimekifungua, zaa, mwanangu, watoto wako wakae, akatema mate chini kama inavyotakiwa, na usiku wa pili yake hakuamka. Yote hayo Masunga ameyasikia kwa masikio yake, anaweza kuyasema yote bila kukosea, lakini hayafai kitu kinywani mwake, na Sakina anajua kwa nini, kwa sababu Masunga alimweleza siku anainunua mashine, kwa sauti ya chini, akitazama mlangoni mzee wake asije akasikia: dada yake alikwenda na Mhehe wa Kihesa kule Iringa bila ng'ombe, bila ruhusa, mzee akakataza jina lake lisitajwe tena bomani, akalaani na tumbo lake lisimjue, watoto wasikae, na huko Kihesa Mbuke akazika mtoto wa kwanza kabla hajapewa jina, na Masunga kwa huruma akapanda basi akaenda kumdanganya, akamwambia baba amekusamehe, tulia, zaa, naye akatulia, akazaa, akazika wa pili. Kisha akapata habari kwamba mzee hakuwahi kufungua mdomo. Sasa ana mimba ya tatu, imekomaa, na aliposikia baba mgonjwa alimtuma mtu na neno fupi, sitaki kuambiwa na mtu, nataka nimsikie mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu alidanganya kwa upendo, Mungu wangu, na sasa ukweli anao mkononi wala hauna mtu wa kuuamini.

Shii. Mbele kidogo. Hakuna mbele. Halafu wazo likaja, likaja taratibu kama paka, na Sakina hakulifukuza: sauti zao. Siku ile baba na mwana walipobisha hodi, Gulam alidhani ni mtu mmoja anapiga hodi mara mbili, koo ni moja, ya mwana ina ujana kidogo tu, na ujana unafichika, maiki ukiiweka mbali sauti inadhoofika, ukiifunga kwa blanketi inakuwa ya mgonjwa, Masunga akohoe mwanzoni, aseme polepole, nilichokufunga nimekifungua, maneno yenyewe ni ya kweli, si yalisemwa kweli, nani atakuwa ameibiwa, Mbuke hajamsikia baba yake miaka yote hiyo, atalia, ataamini, atazaa akiwa na amani, na Sakina anaweza kuifanya kazi hiyo hapa hapa nyuma ya pazia kabla basi halijaondoka, anajua jinsi ya kuifanya, hakuna fundi Mbeya nzima anayejua zaidi yake... na akizika wa tatu? Akizika wa tatu na Masunga akamtazama usoni? Au asizike, na Masunga aishi miaka yote akijua kwamba baraka ya dada yake ilitoka kwenye koo lake yeye aliyekwisha kumdanganya mara moja? Waya sikioni ulikuwa na jasho. Akamwona Masunga akiyasugua magoti yake kwa viganja, polepole, akakumbuka mzee naye alivyokuwa akifanya hivyo hivyo siku ile, ameketi kwenye gunia la chumvi karibu na mlango, fimbo katikati ya miguu, anasugua magoti na kutazama mashine kama mtu anavyomtazama mgeni ambaye hajui kama atakula au hatakula... siku ile... siku ile alinasa. Alinasa somo. Upande wa pili wa kaseti hii hii, Masunga hajui kusoma, kwa hiyo alimwambia nakutilia maelezo upande wa pili, ukisahau geuza unisikilize, na Masunga hakugeuza, amesema leo alikuwa anaziweka betri akiba, zisije zikamwishia baba njiani, betri hazipatikani, angegeuza angesikia maiki ni penye doa, angetafuta doa, angeliona halipo, angeuliza, basi, hayo yamepita, maji yakimwagika hayazoleki, lakini upande wa pili haukuguswa, na upande wa pili mzee alisema. Alisema kitu. Yeye alikuwa anafundisha kwa sauti yake nzuri ya kufundishia, bonyeza viwili kwa pamoja, na Masunga alikuwa ameinamia vitufe, akili yote vidoleni, na mzee kutoka kwenye gunia akauliza, kwa Kiswahili chake cha porini, kwa upole, "Binti, Mbuke atasikia mimi humu ndani?"

Mbuke. Jina lisilotajwa bomani, mzee alilitaja hapa, dukani, juu ya gunia la chumvi, kabla ya ugonjwa kumlaza, kabla ya mtu yeyote kumwomba. Alikuwa amekwisha samehe, alikuja Mwanjelwa akiwa amekwisha samehe, alichotaka kujua ni kama itafika. Na wewe ukamjibu nini, Sakina, mwalimu, jibu, ulimjibu nini? Alitaka kukumbuka kwamba alisema ndiyo, babu, atakusikia, alitaka sana, lakini sikio lake ni zuri na kumbukumbu yake ya sauti ni nzuri, na alijisikia waziwazi, sauti kali, ya haraka, ya mwenye duka, ikimwangukia mzee kabla hata hajamaliza, "Mzee, nyamaza kidogo, unaniharibia," na mzee akasema, "Haya." Haya tu. Akarudi kusugua magoti. Na vyote vimo humu, jina limo, swali limo, nyamaza imo, haya imo, sauti zimepandana, nyamaza imekaa juu ya humu ndani kama mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake, huwezi kuifuta ya kwako ukabakiza ya kwake, kitufe chekundu hakichagui. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Basi ndicho Mbuke atakachokisikia huko Kihesa, ameshika tumbo, baba yake anamtaja kwa jina na Mhindi wa dukani anamnyamazisha, na Masunga atasikia, na Nyamizi, na baba nyuma ya pazia ambaye amemlea kumwamkia kila mzee anayeingia hata kama hanunui kitu, kwani lazima, nani anakumbuka swali la mzee mmoja, wenyewe hawakumbuki, akinyamaza sasa hakuna atakayejua, atasema pole kaka, betri, na kaseti ataitupa... Mama. Mbona mama sasa. Noorjahan, mama yake, aliyekwenda kwa kaka kutibiwa asirudi, aliyetuma kaseti moja tu, salamu zimepangwa moja moja kama vikombe kabatini, wasalimie hawa, wasalimie wale, na salamu hizo Sakina hazisikilizi, anazipitisha, anakwenda mwisho, pale mama alipodhani mashine imezimwa na akauliza mtu, tangawizi ipo?, na kaka akamwambia ngoja mama, bado inanasa, na mama akacheka. Hapo ndipo anaporudia. Ngoja ya kaka haimkeri, hajawahi hata kumfikiria kaka pale, anamsikia mama tu. Kaseti ile aliivunja vijino vyake vya nyuma siku ile ile ilipomfikia, ili kitufe chekundu kisiweze kuigusa tena mpaka kiama.

"Dada," Masunga akasema, na safari hii hakuuliza kama ipo, alisema dada tu, na nje utingo akapiga bodi la basi kwa kiganja, Iringa, Iringa, na Nyamizi akakifungua kitenge na kukikunja upya. Shii ilikuwa ile ile. Mficha uchi hazai, mama alikuwa akisema hivyo akimpaka dawa ya vidonda, toa mguu nione. Itabidi aseme yote, kwanza kwamba maneno ya mwisho hayakuingia, aseme hivyo bila kumtaja Nyamizi wala mafuta ya taa, aseme doa halikushika, rangi ilikuwa mbovu, hiyo Mungu atamsamehe, halafu aseme lipo jingine dogo, na Masunga ataamua mwenyewe kama linatosha, na huenda halitoshi, huenda Mbuke atasikia swali tupu na nyamaza na haya, na mtoto akafa vile vile, watoto hufa, nani anajua kinachowaua, Sakina hajui, hakuna mtu Mwanjelwa anayejua. Akasimamisha utepe, akaitoa kaseti, akachukua bisibisi ndogo, akakivunja kijino cha upande wa pili, tak, kikaruka chini ya kaunta. Akaigeuza, akairudisha, akarudisha utepe mpaka mwanzo wa somo. Masunga bado alikuwa amemkazia macho mdomoni. Akauvuta waya kutoka sikioni, akauchomoa na kwenye tundu lake, sauti itokee kwenye spika, ili wasikie wote.