Kiti cha Mzazi

Wenzake walimwita Geti. Wao kengele ya mwisho ikilia walitoka getini, huyu kwa gari, yule kwa miguu, wakiburuta mikoba na kelele zao. Yeye alibaki nalo. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya bwawa la kuogelea, katika safu ya nyumba za walimu, na mama yake ndiye aliyekuwa mwalimu wa darasa lao. Ukitaka kujua maana ya kubanwa, jaribu kusinzia kwenye kipindi cha mtu aliyekuamsha asubuhi.

Shule ilikuwa ya kimataifa, ina watoto wa kila rangi na kila lafudhi, na kwenye ukuta wa ofisi palikuwa na maandishi makubwa kuliko mlango: TUNALEA MTU MZIMA. Mama yake mdogo, siku aliyokuja kuwatembelea, aliyasoma akacheka hadi akashika ukuta. "Mtu mzima analelewa tena? Mtu mzima si anajilea?" Dada yake, yaani mama yake Geti, alimfafanulia kwa subira kwamba maana yake ni mtu kamili, si kichwa tu, bali mwili na mikono na moyo. Mama mdogo akasema ahaa, akafuta machozi. Lakini walipokuwa wanaagana alimvuta Geti pembeni. "Ukichoka kuwa mzima, njoo kwangu. Chumba kipo, na shule iko mtaa wa pili. Ya kawaida tu. Kengele ikilia mnaenda nyumbani."

Maneno hayo Geti alikaa nayo mwaka mzima kama pipi mfukoni.

Si kwamba shule ilikuwa mbaya. Hata yeye asingethubutu kusema hivyo. Mwili ulikuwa na kuogelea, mikono ilikuwa na bustani na ufinyanzi, masikio yalikuwa na kwaya, na moyo, maskini, ulikuwa na duara. Kwenye duara mlikaa chini, mkapokezana jiwe laini, na mwenye jiwe alisema moyo wake uko wapi siku hiyo. Aliyeuliza alikuwa mama yake. Paka wao alipokufa, Geti alishika jiwe akalia mbele ya darasa zima, na mwisho wa muhula ripoti ikasema amepiga hatua nzuri katika kuhuzunika. Tangu hapo akawa anaogopa hata kucheka peke yake, asije akaonekana anaendelea vizuri.

Kulikuwa na sheria moja waliyojiwekea wenyewe, mama na mtoto. Ndani ya mlango wa jikoni ni Mama. Nje ya mlango huo ni Mwalimu. Alipokuwa mdogo aliteleza mara moja, akaita "Mama!" katikati ya hesabu, na darasa likamcheka wiki nzima. Hakuteleza tena. Lakini kwa upande wa mama yake sheria ilivuja. Wakiwa mezani, tonge halijafika mdomoni, utasikia, "Leo umejifunza nini kukuhusu wewe mwenyewe?"

"Nimejifunza nina njaa."

"Ni mwanzo mzuri," mama yake alijibu, na wala hakuwa anatania.

Ikafika siku ya vikao. Kila mwisho wa mwaka mwanafunzi aliongoza kikao chake mwenyewe: alieleza alivyokua, mzazi na mwalimu wakasikiliza, na hapo hapo ikaamuliwa kama mwakani anaendelea au anaondoka. Meza moja, viti vitatu. Geti alijua la kusema, alikuwa amelisema mbele ya kioo siku nyingi. Kilichomkosesha usingizi ni nani wa kuambiwa. Akimwambia Mwalimu, Mwalimu atasema hiyo ni hatua ya ukuaji. Alimtaka Mama, na Mama siku hizi alikuwa adimu.

Mama yake aliingia na kitambulisho shingoni, akakaa kwenye kiti cha mwalimu, akakunja mikono juu ya meza.

"Karibu. Tuanze?"

"Shikamoo, Mwalimu. Bado namsubiri mzazi wangu."

Mama yake akamtazama, akakitazama kiti kitupu. Kona za midomo zikaanza kumponyoka. Akavua kitambulisho, akakiweka mezani, akainuka na kuhamia kiti cha pili, ambacho kililia kama kimeonewa.

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe nimechelewa. Huyo mwalimu wako ana maneno!"

Wakacheka wote wawili, cheko la jikoni kabisa, na Geti akaona mlango umefunguka. Akaingia kabla haujafungwa.

"Mama, nataka kwenda kukaa kwa mama mdogo. Nisome shule ya kule."

"Kule kuna nini ambacho hapa hakuna?"

"Kuna kurudi nyumbani."

"Si unarudi kila siku?"

"Sirudi, Mama. Nazunguka bwawa tu."

Dirishani watoto wawili walipita wakibeba mitungi yao ya udongo, wanagombana ni wa nani uliopinda zaidi. Mama yake alisubiri wapite, kisha akashusha sauti, akauliza swali ambalo watu huulizana kutwa nzima bila kungoja jibu.

"Mwanangu, u mzima kweli?"

"Si mzima, Mama."

Ndiyo hayo basi, yametoka. Hakutaka kulia. Machozi mahali hapa yalikuwa na alama zake. "Nikifurahi najiangalia kama nimefurahi vizuri. Nikinyamaza, naulizwa nanyamazia nini. Sina hata pembe moja ambayo haijulikani. Nachoka, Mama. Nimechoka mpaka naogopa."

Mkono wa mama yake ukavuka meza ukamshika kifundo cha mkono, ukamshika kwa nguvu, kama mtu anayevuka barabara na mtoto mdogo. Macho yake yalikuwa mekundu. "Sikujua," alisema. "Nilikuwa nakuona kila siku, sikujua. Basi. Basi, leo nitaongea na mama yako mdo..."

Mlango ukagongwa na kufunguliwa kwa pamoja, kwa sababu Mkuu wa shule hakuwa na desturi ya kusubiri. Alitangulia, manukato yake yakafuata, au kinyume chake.

"Enhe, hapa tunaendeleaje?"

Hakuna aliyemwambia mama yake ahame. Mkono ulitoka kwenye kifundo, ukachukua kitambulisho mezani, na Geti akamwona mama yake akirudi kwenye kiti cha mwalimu huku akinyoosha kamba iliyojisokota.

"Mwanafunzi anajieleza, Mkuu. Amejieleza kwa uwazi mkubwa sana."

"Ndicho tunachokitaka! Moyo uliofunguka! Siku ya wageni atatusimulia." Mkuu akamgeukia Geti akiwa amejaa tabasamu, kisha akamgeukia mama yake tena. "Na mwakani anaendelea, siyo?"

Mama yake alikuwa bado anahangaika na ile kamba.

"Anaendelea," alisema.

Jioni alipika akiwa ameupa mlango mgongo. Aliongea sana, na yote yalikuwa kweli. Nyumba hii si yao, ni ya kazi. Mwalimu akimtoa mwanawe, watu watauliza mpishi gani huyu asiyeonja chungu chake. Na wakishauliza hivyo, hawachelewi kutafuta mpishi mwingine. Watalala wapi? Avumilie kidogo, ni miaka michache tu, atakuja kumshukuru. Sauti ilikuwa inatetemeka, na Geti alimhurumia, akamchukia, akamhurumia tena. Nje, taa za bwawa ziliwaka, mwanga wa bluu ukaingia mpaka kwenye sahani.

Geti alisimama ndani ya mlango wa jikoni.

"Mwalimu," aliita.

"Naam," mama yake akaitika, upesi, kama darasani. Kisha mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

Geti akauliza siku ya wageni avae sare ipi.