Nia Isiyosomwa

Kalamu ilikuwa imefungwa kamba kwenye mguu wa meza, utadhani watu wanaopanda mlima kumwomba Mungu wangeshindwa kujizuia kuiiba. Dada aliiona akacheka, kisha akashika ubavu, maana siku hizo hata kicheko kilimuuma.

"Andika wewe," akaniambia. "Vidole vyangu havishiki kitu."

Vidole vile vilishona nguo za harusi za nusu ya mtaa wetu. Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka sita, yeye kumi na saba, na tangu hapo kila sare yangu ya shule ilitoka kwenye cherehani yake. Sasa dawa zilikuwa zimevitia ganzi. Saratani ilishafika kwenye ini, na madaktari walishahama kutoka "tutajaribu" kwenda "tutaona". Safari ya monasteri ilikuwa wazo lake. Tulipanda basi alfajiri, tukashuka chini ya mlima, na zile ngazi za mawe tukazipanda kwa saa mbili, tukipitwa na vikongwe wenye fimbo.

"Waache wapite," dada alisema, akihema. "Mbinguni hakuna foleni."

Juu kulikuwa na ua uliofagiliwa vizuri, mizinga ya nyuki na kanisa dogo. Mtawa mmoja mzee, amevaa ndala, alitueleza utaratibu: kila mgeni anaandika nia yake, yaani ombi lake, kwenye karatasi, anaitumbukiza sandukuni, na kwenye sala ya saa sita mchana zinasomwa zote kwa sauti, bila majina.

Niseme kwanza kazi yangu. Mimi ni mchapaji wa nje ya mahakama. Nina meza, taipu na mwavuli. Watu wananimwagia shida zao, nami naziandika zieleweke. Mtu akisema, "Yule mbwa kaninyang'anya shamba," mimi nachapa, "Mlalamikaji anadai kwamba." Naondoa matusi, naongeza heshima. Sijawahi kuandika maneno ya mteja kama yalivyomtoka kinywani, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Dada aliinama karibu na sikio langu. Alisema taratibu, kama mtu aliyekwisha kuyapima maneno yake nyumbani.

"Andika hivi: Nimechoka. Naomba niende kwa amani, nisiteswe tena na dawa. Na mdogo wangu anipe ruhusa."

Mkono wangu ulisimama. Yeye alikuwa akitazama mizinga. Nikaandika: *Naomba uponyaji kamili na maisha marefu.* Nikaikunja karatasi, nikaitumbukiza haraka, nikajiambia kwamba Mungu si hakimu, hatafungua jalada.

Niliogopa, huo ndio ukweli. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, sina mume, sina mama, na duniani alibaki mtu mmoja tu wa kuniita "we mtoto".

Kengele ilipolia tulikaa benchi la nyuma. Mtawa alichomoa karatasi moja moja. Mmoja aliomba mtoto. Mwingine alimwombea mume aache pombe. Dada aliitikia kila nia pamoja na watu: "Twakuomba utusikie." Ikasomwa ya uponyaji kamili na maisha marefu, naye akaiitikia kwa nguvu zaidi, kwa huruma, akimwombea mgonjwa asiyemjua.

Karatasi zikaendelea kupungua. Nilimwona akijiweka sawa, amekunja mikono, akingoja yake. Mtawa akasoma ya mwisho, akatia mkono sandukuni, akapapasa, akafunga kifuniko. Dada alikaa hivyo hivyo kidogo. Kisha akageuka kunitazama, nami nikashindwa kuyainua macho.

Tukaanza kushuka ngazi. Katikati ya mlima akasimama kupumzika.

"Maisha marefu," akasema.

"Nisamehe, dada."

Alivuta pumzi mara mbili tatu. "Haya, we mtoto. Tujaribu basi."

Jumatatu akarudi hospitali na kukubali matibabu ambayo, nilikuja kujua baadaye, alikuwa amekwisha kuyakataa. Yalichukua miezi saba. Alitapika hadi akaishiwa na cha kutapika. Nesi alipomuuliza kwa nini hapumziki, alininyooshea kidevu: "Muulize mwandishi." Nesi alicheka. Mimi nilitoka nje nikalia penye mabomba ya maji.

Miezi hiyo niliiomba mimi, na yeye ndiye aliyeilipia.

Mchana mmoja, nikimlowesha midomo kwa pamba, nilimwambia maneno yake bila kuyanyoosha hata moja. Umechoka. Nenda kwa amani. Nakupa ruhusa.

Alifumbua macho. "Una hakika?"

"Sina."

Aliitikia kwa kichwa, kama fundi aliyeletewa kitambaa pungufu na akaamua kukishona hivyo hivyo. Alifariki keshokutwa yake asubuhi, nilipokuwa nimetoka mara moja kununua mkate.